Bodi ya Achola Kama Kibiriti

Sisi watu wa huku ziwani tuna ugonjwa mmoja: kitu kidogo hatukiheshimu. Samaki lazima mkia utoke nje ya sahani, na redio isikike mpaka kwa jirani. Mimi Opondo, fundi wa redio hapa Obunga, ugonjwa huo ninao, tena sugu.

Achola, fundi mwenzangu kibandani, hana. Huyo mama hanunui hata skrubu kabla ya kuigeuzageuza mara tatu.

Mwezi wa kumi na moja, mashine ya jirani yetu Lornah ya kufuma sweta za shule ilizima. Iliungua chipu moja tu, ile inayoamua sindano zipi zishuke na lini, na viwandani haitengenezwi tena. Asipomaliza sweta kabla ya shule kufunguliwa, mashine ilikuwa inaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tukasikia kuna chipu tupu, unaiandikia kazi mwenyewe kwa kompyuta: swichi hii ikifungwa na ile ikiwa wazi, mota izunguke. Hakuna kati yetu aliyewahi kuigusa, kwa hivyo kila mmoja akaagiza bodi yake ya kujifunzia, yenye chipu hiyo.

Yangu ilikuja na taa safu nzima, swichi na tundu la skrini. Ya Achola ilitoshea kiganjani.

"Hiyo ni bodi ama kibiriti?" nikamuuliza.

"Imekuja na waya wake wa kuandikia, na programu yake ni ya bure, laptopu yangu kuukuu inaiweza," akasema. "Tena inavumilia volti tano za mashine ya Lornah. Yako inavumilia ngapi, Baba Debra?"

"Kitu cha bei kinavumilia yote," nikamjibu.

"Kuuliza si ujinga," akasema, akaendelea na kazi yake.

Wiki nzima alikuwa akiwasha taa moja na kuizima. Nilimcheka mpaka wateja wakacheka nami. Hata mama yangu kijijini anawasha taa, nikasema. Achola akafungua kitabu cha mashine na kufuata jedwali lake la swichi na sindano, mstari baada ya mstari, kila jibu akilijaribu kwa taa ileile.

Mimi sikungoja. Nilibeba bodi yangu hadi kwa Lornah, nikaiunga na mashine mbele ya majirani, nikawasha. Ilitoa moshi kabla sijamaliza kujisifu. Kumbe mwisho wake ni volti tatu na kidogo, na imeandikwa kwenye karatasi niliyofungia mandazi. Lornah alikaa chini akashika kichwa. Niliona aibu kweli.

Siku ya nne baada ya moshi wangu, Achola alikuja na kibiriti chake. Aliunga waya, akapima, akapima tena, ndipo akawasha. Sindano zikashuka safu kwa safu, na Lornah akaanza kulia huku anacheka. Shule zilipofunguliwa, sweta zilikuwa tayari zote.

Bodi yangu nimeitundika ukutani. Wateja wasiojua kisa chake wakiingia wanaitazama, kisha wananisalimu mimi kwa heshima, "Mzee wa kompyuta." Nawaelekeza kwa Achola, na nafanya hivyo kwa moyo mweupe.

Jana nilipokea kibiriti changu pia. Nikavuta kiti karibu naye. "Mwalimu, naanzia wapi?"

Hakuinua hata macho.

"Washa taa moja," akasema.