Namba 10,001 Miguuni Mwangu

Julai ya Mweiga inanuka udongo baridi na viazi vilivyotoka kuchimbwa. Mwaka ule nilipokuwa darasa la saba, bendera ya Uhuru ikiwa bado haijapauka, nilinuka hivyo kutoka vidole hadi nywele. Tulichimba tangu umande hadi mgongo ukawa kama si wangu. Na kichwani nilibeba namba moja: 10,001.

Mwalimu wetu wa hesabu aliiandika ubaoni Ijumaa. Alitaka kujua kama inagawanyika bila kubaki kitu, na atakayeleta jibu Jumatatu angepelekwa mjini Nyeri kushindana na shule nyingine. Mimi sikuwahi kuinua mkono darasani. Lakini hili lilikuwa jibu la karatasi, na karatasi haioni haya. Niliitaka safari ile mpaka nikaona aibu.

Namba yenyewe ilikuwa na kiburi. Isome kutoka kushoto au kulia, ni ile ile. Mbili inakataa, tatu inakataa, tano inakataa. Mwalimu alitwambia tujaribu zile zisizogawanyika tu, na tukikaribia mia tumemaliza, kwa kuwa mia mara mia ni elfu kumi. Madaftari yalikuwa yamefungiwa shuleni, basi niliandika kama watoto wote wa kwetu: kwa kijiti, juu ya ngozi ya mguu iliyokauka kwa baridi, namba zikitokea nyeupe. Jumamosi jioni nilifika 71. Nikagawanya, ikabaki 61. Nikalala.

Jumapili asubuhi mama akanishika na mafuta ya kupaka ya kwendea kanisani.

“Hii miguu ni ya mtoto ama ya kuku?”

“Mama, ngoja! Ni hesabu!”

“Ati hesabu. Mungu atasoma hesabu kwa magoti yako?”

Akapaka miguu mpaka ikang'aa, na namba zote zikafutika. Mchana nilianza tena mkononi, na nikaanzia 79. Nilijiambia 73 nilishaifanya. Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimechoka, basi, na uchovu ukaniambia ninachotaka kusikia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nilitoka na sabuni mwilini.

Jumatatu niliandika: haigawanyiki. Mwangi, aliyekaa nyuma yangu, alileta kipande cha mfuko wa saruji kilichojaa namba: 73 mara 137.

Mwalimu alisoma karatasi yangu polepole. “Binti, umechokea mlangoni,” akasema, bila ukali. Mwangi akaninong'oneza, “Nitakuletea mandazi ya Nyeri.” Alileta moja, limepondeka. Nikalila.

Sasa niko kidato cha tatu, shule ya bweni, na daftari la kila somo na hili la siri ninaloandikia haya. Miguu yangu inang'aa kila asubuhi. Lakini jioni, hesabu ikinishinda na macho yakitaka kufumba, husikia mkono wangu ukishuka hadi mguuni, chini ya pindo la sketi, ukitafuta mahali pakavu pa kuandikia. Ndipo narudi nyuma, naifanya tena ile ninayodhani nilishaifanya.