Vumbi la Nyota na Shimo la Shemeji

Mimi si mtu wa kutembea. Tangu nimalize kidato cha nne, safari yangu ndefu ni ya kwenda kuchaji simu. Hata kazi niliyojitolea ni ya kukaa: wataalamu wa nyota huweka picha mtandaoni, nami nabonyeza kusema kama naona duara safi au doa tu. Ni picha za infraredi, yaani zimepigwa kwa joto. Nyota changa huzungukwa na vumbi la mawe yaliyogongana. Vumbi lenyewe haliwaki, ila nyota hulipasha, na joto hilo ndilo linaloliumbua.

Nilimweleza hivyo shemeji, mume wa dada yangu, tukinywa pombe ya ndizi kwake, hapa hapa Nyakisasa. Akawatangazia wanywaji kwamba nimekosa mke, sasa nachumbia vumbi. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kibuyu. Nami nilicheka, meno tu. Moyoni niliweka.

Mwezi uliofuata mikungu yangu sita ya ndizi ikakatwa na kuibwa mchana, mimi niko ndani na nyota zangu. Shemeji alikuwa wa kwanza kunipa pole, na wa kwanza kumtaja jirani yangu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Jirani akaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kikao kikimwona mwizi, anapelekwa polisi.

Shemeji alikuwa amelalamika kwa kila mtu kwamba migomba yake imekufa kwa mnyauko, na shimo lake la kuivishia ndizi halijaguswa tangu masika. Asubuhi ya kikao nilipita kumsalimia dada, nikakanyaga peku udongo uliofunika shimo hilo. Ulikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe, na ndizi zilizofukiwa ziive ndizo hupasha udongo hivyo. Picha zimenifundisha nisishangilie joto kabla ya kuhakikisha halitoki kwa kitu kingine kilicho karibu. Nikaangalia: jiko lilikuwa mbali, na mawingu yametanda tangu alfajiri.

Kikaoni nilimwamkia mwenyekiti shikamoo, nikaomba wote tuhamie uani kwa shemeji. Mwenyekiti akainama, akaweka kiganja.

"Shimo tupu nalo linaugua homa?"

Shemeji akasema ni jua. Mwenyekiti akatazama mawingu, akaagiza jembe. Shimo lilipofukuliwa, mikungu yangu ikaonekana; shemeji akakiri, na nikasimama hapo mpaka alipomwomba jirani radhi.

Nikaulizwa nataka fidia gani. Watu walitegemea mbuzi.

"Ndizi azibebe mwenyewe kwa gunia mpaka kwangu, tupitie sokoni. Na kila atakayeuliza, amweleze vumbi la nyota, tangu mwanzo."

"Shemeji, nihurumie."

"Beba, shemeji."

Kwa muulizaji wa pili aliruka habari ya mawe kugongana. Nikamrudisha mwanzo, gunia la kwanza likiwa kichwani.