Hewa Iliyolala Bondeni

Jirani yangu hapa Guildford, mama Mkongo aliyekulia karibu na Goma, hakubali kabisa mtoto alale chini. Nikichelewa kutoka kazini humkuta binti yangu kwake, amepandishwa kochini, hata kama godoro limetandikwa zuliani. Nilidhani anaogopa baridi, nikawa namtania kwamba ananidekezea mtoto.

Mimi ni mtu wa ofisi, naandika sera. Nchi hii inauza gesi na mafuta nje na haina mpango wa kuacha, kwa hiyo tunapanga namna ya kuinasa hewa ukaa na kuizika kwenye miamba iliyo chini ya bahari. Jioni moja jirani aliniuliza nafanya nini hasa huko mjini. Nikamweleza kwa mbwembwe. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nikasema, ni nzito, hutuama mabondeni, na ikizidi inaua.

Aliweka kikombe mezani.

"Hiyo ni mazuku," akasema.

Kwao ndivyo wanavyoiita hewa inayotoka ardhini karibu na volkano, na wapo wanaoamini ni uchawi. Asubuhi moja mwanawe wa kwanza alimfuata mbuzi bondeni, akaanguka humo. Majirani walimshika mama mtu kwa nguvu, kwa sababu anayeinama kumwokota aliyeanguka huanguka naye. Alisimama ukingoni akimtazama mwanawe mpaka upepo ulipovuma ukaiondoa hewa, naye mtoto ameshakufa.

"Mama mukwe alisema ni mimi niliituma," akasema. "Mpaka leo iko anasema vile."

Nilimshika mkono. "Dada, hakuna aliyeituma. Ni hewa tu, inatoka yenyewe."

Alilia sana. Nami nilifurahi, nisiseme uongo, kwamba kazi yangu imemfaa mtu. Kisha akajifuta uso.

"Ile ya kwetu hakuna mwenye kuituma," akasema polepole. "Na hii yenu munaituma. Nani atabaki pale kuiangalia?"

Nikamweleza habari za mwamba unaofunika, vipimo, na miaka ya uangalizi kabla kampuni iliyoizika haijaikabidhi serikali kazi hiyo. Yote ni kweli, nimeyaandika mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaenda kuosha vikombe.

Siku hizi nikimkuta binti yangu amejilaza zuliani kwetu, namwambia apande kitandani.

"I'm comfy here, Mum," hunijibu, macho ameyafumba.

Basi humbeba mwenyewe. Lakini kabla sijainama, navuta pumzi na kuizuia.