Fundo la Bibi

Walimwita Kiraka. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa lingine, lakini alikulia chini ya cherehani ya bibi yake akiokota vipande vya vitambaa, na jina hilo ndilo lililomganda.

Bibi alikuwa fundi nguo. Kila siku alimrudia neno moja: fundo la mwisho, lirudie mara tatu. Mteja akirudi na pindo limeachia, aibu ni ya nyumba nzima. Fundo la Bibi halikufunguliwa. Lilikatwa kwa mkasi.

Bibi alipofariki, cherehani ilifunikwa shuka. Babu akapunguza maneno, naye hakuwa nayo mengi. Kiraka akabaki na mapindo ya sare za shule, akayashona kwa mkono mpaka yakamtokea puani. Ndipo akasikia habari za mfuko wa hisani unaowasomesha vijana ubaharia wa tanga. Mfuko unalipa ada, viatu vya mpira, jaketi la kuokolea, hata daktari wa macho. Ukihitimu, wanakutafutia kazi. Binti wa mama muuza mkaa alipitia huko, sasa anaongoza boti za watalii, na mama yake haongei na mtu bila kutaja boti.

Kiraka akaenda. Akakuta imebaki nafasi moja.

Mwalimu aliitwa Shwari, kwa kuwa hakupata kuwa shwari hata usingizini. Siku ya jaribio alishika usukani mwenyewe. Katikati aliketi mama wa mfuko, yule anayezunguka kwa wenye nazo kuomba michango, na kofia yake pana. Kiraka akapewa kamba ya kupandishia tanga. Akapandisha, akaifunga mlingotini mara moja, mara mbili, mara ya tatu, kama alivyolelewa.

Wakaenda salama. Wakarudi, gati likawa mbele yao.

"Shusha tanga," Shwari akasema.

Kiraka akalishika fundo. Fundo likatulia kama si lenyewe lililoambiwa.

"Nimesema shusha."

"Nashusha, mwalimu."

"Unashusha, au unaliombea dua?"

Akatumia kucha, akatumia meno. Gati likapita kando. Watu waliokuwa pale wakapunga mikono, wakidhani wanaagwa.

"Mwalimu, una mkasi?"

"Mkasi? Kamba ya watu waliochangishana, uikate kama uzi wa shati?"

Boti ikaendelea na safari yake hadi kwenye matope wanakochezea bata, ikatua kwa adabu. Kofia ya mama wa mfuko ilitangulia kufika.

Mama akaifuata, akaikung'uta, akarudi kulitazama fundo. "Nani kakufundisha hivi?"

"Bibi yangu. Ni marehemu."

"Alikuwa na boti?"

"Alikuwa na magauni, mama."

"Gauni halirudi gatini," Shwari akanung'unika. "Kamba ya boti inashika ukitaka, inaachia ukitaka. Huyu anajua nusu."

"Basi akatafute nusu iliyobaki," mama akasema. "Jumamosi arudi. Akishindwa, tunamwita mwingine. Hela ya watu haisubiri mtu."

Kiraka akarudi nyumbani na kipande cha kamba. Akafunga, akafungua. Babu alimtazama tangu chai mpaka chakula cha mchana.

"Unajidanganya," akasema mwishowe. "Umelifunga mwenyewe, unajua kamba ilikopita."

Akapanda kiti, akateremsha furushi lililokuwa juu ya kabati. Bibi alilifunga kwa kamba, mafundo matatu, kwa mkono wake. Tangu msiba hakuna aliyeruhusiwa kulisogelea.

"Babu, si ulisema lisiguswe?"

"Nilisema lisikatwe."

Kiraka akaliweka mapajani. Alivuta fundo, likakaza zaidi. Akaacha kuvuta. Akaanza kuisukuma kamba irudi ilikotoka, kidogo kidogo, akilikunja fundo mgongo huku na huku hadi likalegea. La kwanza likaachia. La pili likafuata. La tatu lilimtoa jasho, nalo likasalimu amri.

Ndani mlikuwa na suruali. Ya kahawia, magoti yamechoka, mfuko mmoja hauna chini.

Babu akaishika, akaigeuza. Suruali yake hiyo ilipotea zamani kwenye kamba ya kuanikia, naye akamshuku jirani yao fundi redio. Hawakusalimiana tena.

"Bibi yako alikuwa akisema inamtia aibu," Babu akasema. "Kumbe aliificha."

"Na fundi redio?"

"Ngoja kwanza." Akacheka mpaka akakohoa, akafuta macho. "Furushi lina vumbi hili."

Jumamosi upepo ulikuwa mkali. Kwenye gati alisimama Babu amevaa suruali yake, pembeni fundi redio, bado amenuna, lakini kaja.

"Shusha," Shwari akasema.

Kiraka akasukuma, akakunja, akaachia. Tanga lote likashuka kwa mpigo, likamfunika mama wa mfuko na kofia yake. Boti ikaligusa gati taratibu.

Kisha sauti ikatoka chini ya tanga: "Nafasi ni yake. Sasa nitoeni."

Kiraka yuko majini mpaka leo, analipwa mshahara. Suruali Babu bado anaivaa. Ukimwambia imechakaa, anajibu kwamba wa kuificha hayupo tena.