GM wetu aliwaambia waandishi straika amefiwa na mama. Mama mwenyewe akarudi toka shamba, akakuta turubai nyumbani kwake

Wakuu, habari za mapumziko.

Leo natua mzigo ambao nimekaa nao kifuani muda mrefu. Sitii chumvi. Anayetaka kuniita muongo aniite, ila amalize kusoma kwanza.

Majina nimebadilisha. Timu siitaji. Wa Temeke mtaijua tu, na mkiijua naomba mkae nayo.

Mie nilikuwa ofisa habari wa timu hiyo. Jina kubwa, kazi ndogo. Niliita waandishi, nikapanga viti na kuhakikisha soda ni za baridi. Msemaji halisi alikuwa meneja mkuu, GM, mtu wa makamo anayekaa Kinondoni. Tumwite Bosi Kitwana.

Kusema ule ukweli, Bosi alijua kucheza na waandishi kuliko straika wetu walivyojua kucheza na nyavu.

Alikuwa na msemo wake: "Mwandishi ukimnyima habari ataitafuta. Akiitafuta ataipata. Kwa hiyo mpe."

Na mchezaji akikosekana mazoezini kwa sababu ambazo klabu haitaki zijulikane, alikuwa na dawa moja. Alinifundisha siku zangu za mwanzo kabisa.

"Ukisema anaumwa, wataulizia hospitali. Ukisema kaumia, watataka kuona goti. Sema amefiwa. Msiba hauombwi ushahidi."

Hebu fikirieni wakuu. Mtanzania gani atamkazia macho mfiwa amuulize kama ana uhakika? Tulizika ndugu wengi sana pale klabuni. Wajomba wa Kilwa, mashangazi wa Mahenge, babu mmoja nadhani tulimzika mara mbili. Ndugu wa mbali wote, na hakuna aliyefuatilia.

Mpaka ilipofika zamu ya Rajabu.

Rajabu alikuwa straika wetu tegemeo. Bosi alimpeleka kimyakimya nje ya nchi kufanya majaribio, kwa sababu kuna klabu kubwa ya hapahapa ilikuwa inamnyatia, na ingejua ingeharibu dili. Akamwambia azime simu na asimpigie mtu yeyote, hata mama yake.

Kwenye mkutano na waandishi, dada mmoja wa redio akauliza Rajabu yuko wapi.

"Amefiwa," Bosi akasema.

"Maskini. Amefiwa na nani?"

Kwa kawaida Bosi angekuwa na mjomba wake tayari. Siku ile sijui nini kilimpitia. Akasema, "Mama yake mzazi. Tumeshamzika, hukohuko kwao Chanika."

Waandishi wakasimama kumkumbuka marehemu. Bosi naye akasimama nao, kainamisha kichwa. Nilimwangalia, na kwa mara ya kwanza sikuona cha kuchekesha.

Redio ikatangaza jioni ile ile.

Kesho yake asubuhi nikapigiwa na mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki Gongo la Mboto. Walikuwa njiani kwenda Chanika na coaster, wamebeba turubai, viti, mchele na sufuria. Hawakutaka msiba wa mama wa straika wao upite kinyonge.

Bosi aliposikia akaniambia, "Wahi ukawazuie." Nikarukia bodaboda, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Rajabu kwao ni nje kidogo ya makazi, nyumba ya tofali isiyo na jirani wa karibu, mashamba kila upande. Mashabiki walikuta mlango umefungwa, wakadhani wafiwa wako makaburini. Basi wakajifanya wenyeji. Turubai limesimama, viti vimepangwa, akina mama wameinjika wali, na upande wa wanaume kuna mtu anasoma Yasini.

Kabla sijafungua mdomo, akatokea mama mmoja kwenye njia ya shamba, kajitwisha furushi la kisamvu.

Alipoliona turubai akasimama. Akalitua furushi polepole. Akavua ndala, sijui kwa nini, kisha akakaa chini mchangani.

"Mwanangu," akasema. "Rajabu wangu."

Wanawake wakamkimbilia, wakamshika kama tunavyomshikaga mfiwa. Jikaze dada, ni mipango ya Mungu.

"Kafia wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Rajabu."

"Rajabu hajafa, dada. Aliyefariki ni mama yake."

Yule mama akawatazama mmoja mmoja.

"Mama yake ni mie," akasema.

Aliyekuwa kamshika mkono akauachia. Msomaji tu ndiye aliyeendelea na Yasini, kwa sababu alikuwa mbali na hakusikia.

Mashabiki hawakukimbia. Waliondoka kwa mwendo wa haraka, bila kuaga, hadi coaster ikajaa. Wali waliuacha jikoni.

Nikabaki mie naye. Jina lake Bi Zuhura. Nikampa shikamoo, nikajieleza. Nikamwambia ni makosa ya kikazi, kwamba Rajabu yuko nje ya nchi na ni mzima. Akaniomba nimpigie. Haipatikani. Nikarudia. Haipatikani.

"Mlisema mie nimekufa," akasema taratibu. "Sasa mnasema mwanangu mzima. Nishike lipi, baba?"

Nikaanza kufungua kamba za turubai ili angalau nimwondolee lile balaa. Akanizuia.

"Liache. Matanga hayaanuliwi na mpita njia. Aliyeyaweka ndiye aje ayaanue. Mwambie bosi wako aseme kwenye redio ileile kwamba hapa hakuna aliyekufa. Msiba ukiachwa wazi utamtafuta mtu, na mie nina mtoto mmoja."

Akaenda kuketi kwenye mkeka waliouacha wageni.

Mie ni Mlutheri wa bara, mambo haya nilikuwa siyajui. Kwa wasiojua wenzangu: kwa watu wa Pwani msiba unatandikwa na unaanuliwa. Una siku yake ya kufungwa, watu wanasoma, wanakula, wanakunja mikeka na kurudi makwao. Usipoanuliwa, bado upo.

Nikampelekea Bosi ujumbe. Akacheka. "Mwambie mtu akizushiwa kifo anaongezewa siku."

Mie mjinga nikaenda kumwambia hivyohivyo, nilipompelekea unga na sukari. Bi Zuhura akafikiri kidogo.

"Ni kweli anaongezewa," akasema. "Zinatoka kwa nani?"

Niliporudi nikamsihi Bosi akanushe. Akagoma. "Nikikanusha leo, kesho nikisema kweli nani ataniamini?" Na dili la Rajabu lilikuwa bado halijakamilika.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Aliyeanza ni mlinzi wa uwanja. Bosi anashuka kwenye gari, mlinzi anamwambia, "Pole sana Bosi."

"Ya nini?"

"Si nilisikia umefiwa?"

"Nani kakuambia?"

Mlinzi akajaribu kukumbuka, akashindwa. Akaomba radhi.

Akafuata mama muuza mihogo wa pale getini. Akafuata anayefua jezi. Watu wasiojuana, kila mmoja peke yake, na sauti ile ya chini tunayotumia kwa wafiwa. Wote ukiwauliza walisikia wapi, hawajui.

Nilikuwa nadhani wanamtania. Basi ukafika mkutano wa waandishi, wakaingia, na kila mmoja akamshika Bosi mkono kwa mikono miwili. Pole mzee. Pole sana mzee wetu.

"Jamani, sijafiwa," Bosi akasema. "Andikeni. Sijafiwa."

Wakamtazama kwa huruma. Mmoja akamwambia, "Inachukua muda mzee."

Nikamvuta pembeni yule dada wa redio, nikamuuliza nani kamwambia Bosi amefiwa.

"Kwani mie si nilikuja msibani?"

"Msiba upi?"

"Kwake Kinondoni. Tulikaa chini ya turubai, tukala wali..." Nikaona uso unambadilika. "Hivi nilikwenda na nani?" Akachukua mkoba wake akaondoka kabla mkutano haujaanza.

Mkuu uliyewahi kukomenti kabla sijamaliza kwamba huo ni msongo wa mawazo kazini, sawa, nimekusoma. Naendelea.

Bosi aliishi na mama yake, bibi mkongwe lakini mwenye nguvu zake, kutwa yuko barazani anachambua mchele na kuwasema wapita njia. Kuanzia siku ile Bosi akawa anampigia simu kila wakati. Katikati ya kikao anainuka, anapiga.

"Mama upo?"

"Nipo, niende wapi?"

Anakata, anakaa, baada ya muda anapiga tena. Yule mtu aliyekuwa anatawala chumba kizima cha waandishi alianza kukwepa hata salamu. Akimwona mtu anamjia na uso wa upole anageuza njia. Nilimwonea huruma, na nilikuwa naogopa kwa kweli.

Hatimaye asubuhi moja akaniambia niite waandishi wote, twende Chanika.

Bi Zuhura tulimkuta palepale mkekani, amekonda. Turubai limeanza kuchanika kwa upepo. Bosi akampa shikamoo, akasimama mbele ya maiki, na hakupamba neno.

"Nilisema mama Rajabu amefariki. Nilidanganya. Mama huyu hapa. Hakuna aliyekufa hapa."

Kisha akafungua kamba kwa mikono yake, akalishusha turubai. Bi Zuhura akainuka, akakunja mkeka, akautia ndani.

Habari ikaenda hewani moja kwa moja. Siri ikawa imetoka, hivyo hapakuwa tena na sababu ya kumficha Rajabu. Bosi akampigia wakala aliyekuwa na Rajabu huko nje, wakala akampa kijana simu. Bi Zuhura akasikiliza ile "haloo mama", na hapo ndipo alipolia. Dili lilikufa, Rajabu akarudi nyumbani siku chache baadaye, na mama yake hakusikitika hata kidogo.

Tukaondoka. Bosi alikuwa mwepesi, anaongea, hata utani ukarudi. Tulipokaribia Gongo la Mboto simu yake ikaita. Ilikuwa binti yake.

Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Alisema amechoka kidogo, akaegemea ukuta. Walipomwita kula hakuitika.

Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, nakuja," akaniomba niendeshe mie.

Niliandika taarifa kwa waandishi. Ilikuwa taarifa ya kweli ya msiba, na wa mtu wa karibu kuliko wote. Nikaituma kwenye group.

Hakuna aliyejibu.

Nikaanza kupiga simu. "Si tulishampa pole?" "Mbona tulishakuja?" Wakuu, nilitegemea kejeli kwa yale ya asubuhi. Hawakuwa wanakejeli. Walikuwa wananishangaa, kama mtu aliyealikwa mara ya pili kwenye harusi ileile.

Tukasimamisha turubai Kinondoni mchana kweupe. Mtaa umejaa watu, Bosi ameishi hapo maisha yake yote. Majirani wanapita, wanatazama viti, wanaendelea na safari. Mmoja, rafiki yake wa kucheza bao, alisimama kidogo na kuuliza, "Kitwana, bado hamjaanua tu?"

Bosi akaendelea kupanga viti.

Timu ilikuwa mkoani kwenye mechi. Makaburini tulikwenda wanaume wachache wa ukoo na mie. Mnajua jeneza la Waislamu linavyogombaniwa, kila mtu anataka kutia bega. Sie tulilibeba tangu nyumbani mpaka kaburini bila kupokezana, kwa sababu hapakuwa na wa kutupokea.

Siku ya pili yake, Bosi amekaa mkekani anaangalia viti vitupu, akaingia Bi Zuhura. Amevaa kanga, ametoka Chanika. Akavua ndala, akamshika mkono.

Bosi akachungulia nyuma yake kuona kama kuna watu wengine. "Mama, umekuja peke yako?"

"Wenzangu walishaulilia msiba huu kwangu, baba," Bi Zuhura akasema.

Halafu akaenda uani, akauliza mchele uko wapi, akaanza kuchambua.

Bosi Kitwana aliacha mpira mwezi ule. Simu zangu anapokea, tunaongea mambo ya kawaida, ila waandishi hataki hata kuwasikia. Mie nami niliacha. Sasa hivi nauza vifaa vya umeme na nina amani yangu.

Nilichojifunza ni kimoja. Kama una kazi ya kusema mbele ya watu, ficha unachotaka kuficha, sema sijui, sema sina maoni, watukane ukipenda. Ila usiwatoe watu machozi kwa kitu ambacho hakipo. Machozi ya watu yana kiasi chake, na ukiyatumia bure utakuja kuyahitaji.

Uwanja ni wenu wakuu, karibuni mseme, hata wa kubeza. Ila nina ombi. Najua humu kuna watu wa Kinondoni na kuna waandishi. Kama wewe ni mmoja wa wanaokumbuka kwamba mlikuja kwenye msiba ule, niambie tu ulikaa upande gani.

Maana mie nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na viti vilikuwa vitupu.