Bi Kreszenz na Shamba la Katikati

Hebu mchore kichwani mwako, msomaji wangu, mwanamke anayekuja. Ni asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, siku ambayo wakulima wa mizabibu wa Nussdorf huonjeshana mvinyo mpya. Ukungu wa mto Danubi umepanda hadi madirishani. Yeye anashuka kwa njia ya mawe, gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, mkono huu jagi la mvinyo, mkono ule sahani ya bata bukini wa kuoka iliyofungwa kwa nguo nyeupe. Hatazami kulia wala kushoto. Mbwa wa jirani yake Hadraba anabweka mara moja, anamtambua, anarudi kulala. Mwanamke anasukuma geti kwa nyonga na kuingia.

Huyo ndiye Kreszenz Pichelmoser, mjane, na hapo alipo anakwenda kuposa.

Najua mtasema binti huposwa nyumbani kwao, hatembezwi na mama yake kama sinia la vitumbua. Hata Nussdorf walisema hivyo hivyo, nyuma ya mapazia. Kreszenz hakuwasikiliza. Alikuwa na mwalimu wake, na mwalimu huyo alikuwa ukoo wa Kaizari.

Baba yake ndiye aliyemtia mambo hayo kichwani. Majira ya baridi, mzee akikaza pete za mapipa na mtoto akimshikia taa, alimsimulia jinsi nyumba ya Habsburg ilivyopanda. Ilianza na ngome ndogo kilimani huko Uswisi, ndogo kiasi kwamba ng'ombe wa jirani angeizunguka bila kuacha kucheua. Austria waliipata kwa upanga, hilo halifichiki. "Lakini baadaye wakashtuka," baba alisema. "Upanga unakula watu, mwanangu. Harusi inakula nguruwe tu." Mmoja akaoa Burgundia. Mtoto wake akaoa Hispania, na Hispania ikaja na nchi za ng'ambo ya bahari kama mkwe anayekuja na mizigo. Kisha wajukuu wakaunganishwa na watoto wa mfalme wa Hungaria na Bohemia, ndoa mbili siku moja, hapa hapa Vienna. Yule mfalme kijana alipokufa vitani bila mtoto, nchi zake zikaanguka mapajani mwa Habsburg kama matunda ya jozi yaliyoiva.

Wengine husikia hadithi kama hiyo na kupiga miayo. Kreszenz aliiweka akiba.

Aliolewa, akazaa mabinti watatu, na homa ikamchukua baba yao wakiwa bado wadogo. Alichobaki nacho ni kipande cha mizabibu juu kabisa ya mteremko, nyumba yenye ua, na ile ruhusa ambayo kaizari mmoja wa ukoo huo huo aliwapa wakulima zamani: kuning'iniza matawi ya msonobari mlangoni na kumwuzia mpita njia mvinyo wa shamba lako mwenyewe. Juu ya mlango alipigilia kibao chenye jina lake. Watu wa mjini wakawa wanapanda Jumapili na kuambiana, "Twende kwa Kreszenz," wakakaa uani na mkate wao, jibini na figili nyeusi, wakaimba mpaka wakachoka. Ni yeye aliyeamua lini matawi yatundikwe na lini yashushwe. Hakuna mwanamume aliyemwambia.

Mabinti wakakua. Wa kwanza, Genoveva, alimwozesha kwa fundi mapipa, na tangu siku hiyo pipa halikumpa taabu. Wa pili, Ottilie, alimwozesha kwa mwenye mizabibu ya chini, karibu na barabara. Ndoa zote mbili zilikaa salama. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelala njaa, na Kreszenz alizitazama kama mtu atazamavyo ukuta aliojenga mwenyewe.

Ila kati ya shamba lake la juu na shamba la mkwewe la chini palikuwa na shamba la Wenzel Hadraba. Kila msimu wa mavuno, mkokoteni wa Kreszenz ulilazimika kuzunguka kilima chote kwa sababu ya shamba hilo la katikati, na zabibu zikifika chini zimeshavuja maji. Hadraba alikuwa na mtoto mmoja tu, Korbinian, kijana mpole, hajaoa. Na Kreszenz alikuwa amebakiwa na Notburga.

Basi jioni ya kuamkia sikukuu wawili hao walikuwa jikoni, mama akimnyonyoa bata, binti akimenya viazi.

"Mama, mbona unamnyonyoa kama umekosana naye?"

"Kesho nakwenda kwa Hadraba."

Kisu cha Notburga kikasimama. "Kunipeleka."

"Kukupa mume. Korbinian hanywi, hapigi, hachezi karata."

"Hasemi pia! Mwaka mzima kanisalimia mara moja, na nadhani alikuwa anawasalimia njiwa wake."

Kreszenz aliuma mdomo asicheke. "Mapenzi huja, mwanangu. Hata kwenye ukoo wa Kaizari—"

"Hee, tumefika huko! Ukoo wa Kaizari una nchi, mama. Sisi tuna kilima. Na hao mabibi harusi waliopelekwa Hispania na Hungaria, kuna aliyewauliza?"

"Wewe una mtu?"

"Unamjua. Severin, fundi wa fidla."

"Mwenye chumba kimoja na gundi."

"Chumba kimoja, ndiyo. Lakini akinitazama hatazami mteremko ulio nyuma yangu." Notburga akashika kiazi kingine, akakigeuza geuza bila kukimenya. "Da Genoveva anasema sisi ni mawe ya mpaka. Unatuchimbia pale unapotaka shamba liishie."

"Genoveva kasema hivyo?"

"Kasema anacheka. Lakini kasema."

Manyoya yalikuwa yamejaa mapajani mwa Kreszenz na hakuyapangusa. Binti akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma mama zaidi. "Ukinilazimisha nitakwenda kwa Korbinian, sitatoroka. Nitakupikia mezani kwangu ukija, nitakuamkia kanisani. Ila kukaa nawe hivi jikoni, mama, tukasengenya watu na kucheka, hilo usilitegemee tena."

Kreszenz akamgeuza bata upande wa pili. Huyo binti ndiye aliyebaki naye. Neno hilo alilala nalo, akaamka nalo. Lakini mazoea nayo yana miguu yake. Asubuhi ilipofika, bata alikuwa ameiva, gauni limepigwa pasi, na miguu ikashuka njia ya mawe kabla moyo haujamaliza shauri.

Sasa tumefika getini tulikomwacha.

Hadraba alimpokea mlangoni, mzee mnene mwenye masharubu meupe na kicheko cha kutikisa vyombo. "Karibu, karibu, Malkia wa Mteremko wa Juu! Umekuja na jeshi au na bata?"

"Acha zako, jirani. Nimekuja na maneno."

"Basi ni jeshi."

Wakaketi. Kwa dirisha walimwona Korbinian uani, njiwa mmoja begani, wengine miguuni. Kreszenz alisema alilokuja nalo, lote, bila kuzunguka: Notburga, Korbinian, mashamba mawili, njia moja hadi barabarani.

Hadraba alisikiliza mpaka mwisho. "Juu wewe, chini mkweo, mimi katikati kama jibini kwenye mkate. Miaka nimekuwa nikijiuliza utaning'ata lini."

"Unakataa?"

"Nauliza. Shamba ni la nani, Kreszenz?"

"Lako."

"Mimi nimeshakufa?"

"Mungu apishe mbali."

"Sasa ukitaka shamba, mbona unaposa kwa mtu asiye na shamba? Yule pale mali yake ina mabawa." Akavuta glasi, akamimina nusu kutoka jagi la mgeni, akajazia kwa mvinyo wake. Akaonja, akafumba macho. "Wako mkali. Wangu umepoa. Pamoja si vibaya hata kidogo."

"Bwana Hadraba, sikukuvisha kilemba cha ukoka, na wewe usinivishe. Sema."

"Nasema. Umeozesha wawili, leo umekuja na wa tatu. Kuna mwanamke wa nne nyumba ile, na hujawahi hata siku moja kumfikiria." Kicheko kilikuwa kimeondoka usoni. "Nina miaka mingi ninakunywa supu na mtu anayeongea na ndege. Nimwoe nani mimi? Nakuposa wewe. Binti yako mwache na fundi wake wa fidla, Nussdorf nzima inajua habari zao. Majira ya kuchipua tunabomoa ukuta, mkokoteni unashuka moja kwa moja."

Kreszenz alihisi joto likimpanda shingoni. Mzee alikuwa akimtazama yeye, halafu, mara moja tu, jicho likaruka dirishani hadi kwenye mizabibu ya juu. Aliliona. Nani angeliona kama si yeye, aliyetazama vijana wa watu kwa jicho hilo hilo?

"Na kibao juu ya mlango?" akauliza.

"Kitakuwa kimoja."

"Jina la nani?"

Hadraba akakuna masharubu. "La mume, Kreszenz. Ndivyo ilivyo. Sikuitunga mimi sheria."

"Na matawi, atatundika nani?"

"Tutashauriana."

"Tutashauriana," alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Nje njiwa waliruka wote pamoja na kutua tena. Alifikiria jiko lake, na binti akicheka juu ya viazi. Alifikiri pia, na hili hakumwambia mtu kwa muda mrefu, kwamba kicheko cha mzee huyu hakikuwa kibaya kukisikia ndani ya nyumba.

"Sikuharakishi," Hadraba alisema, akifungua nguo nyeupe. "Lakini Korbinian simtoi. Na nikifa mimi, atamwuzia shamba tajiri mmoja wa mjini anayetaka kujenga nyumba za kifahari hapa, kwa sababu atamwahidi paa la njiwa. Unamjua mwanangu." Akainua kisu. "Kifua au paja?"

Kreszenz alifungua mdomo.

Mimi nimewasikia wengi wakimjibia. Wanawake wa Nussdorf wanasema hivi, wanaume wanasema vile, na Genoveva, mke wa fundi mapipa, aliposimuliwa alicheka hadi akakaa chini. Nawaachia ninyi. Mwanamke aliyewaozesha wanawe kwa ajili ya mteremko, siku mteremko unapomposa yeye mwenyewe, ana haki ya kukataa?