Tulipopanga Kwenda Milima ya Lesotho

Fikira ya kwenda Lesotho ilitoka kwa jirani yangu wa mtaa wa Bofu, Likoni, mwanamke aliyeishi na pumu tangu utotoni. Kundi letu la wanawake lilikuwa na desturi ya kutembea Jumamosi asubuhi, tumevaa buibui na raba, wengine madira na leso. Siku moja tumekaa kupumzika, jirani akatuonyesha kwenye simu picha za wanawake waliojifunga mablanketi mazito, wamepanda farasi, na nyuma yao milima mitupu hadi jicho linapokomea.

"Huku ndiko tuendako," alisema. "Tutembee milimani, tulale majumbani mwao, tuone wanavyoishi. Mpaka lini tutaizunguka barabara hii hii?"

Wakacheka, kisha wakaanza kuulizana nauli, nikajua jambo limeshakuwa. Nikachaguliwa mimi kupanga, kwa kuwa nilikwishapanda ndege nilipokwenda Umra. Nikajibu inshallah, na moyo ukaanza kunienda mbio.

Mimi ni fundi cherehani. Nikikata kitambaa, nguo naiona kabla sijaishona. Safari hii sikuiona. Nilizungumza kwa simu na mama mmoja wa huko anayepokea wageni, akanieleza kwa upole kwamba nchi nzima iko juu, hata mabonde yake, na kwamba mtu wa pwani hewa ile humpa tabu mwanzoni. Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nikishona namwona jirani yangu ameketi juu ya jiwe, pumzi haipandi haishuki, nasi tumemzunguka, hakuna gari wala zahanati. Wenzangu waliniuliza kama nyama itakuwa ya halali, kama maji ya kutawadhia yatakuwa barafu, na wale Wakristo, kama Jumapili kutakuwa na kanisa karibu. Nilifurahi kuulizwa hayo, maana yalikuwa na majibu.

Tukaenda Taita kujaribu miguu. Mlima haukuwa mkali, lakini jirani yangu alibaki nyuma, akisimama kila mara kuvuta dawa yake. Alifika juu wa mwisho, jasho linamtoka, anacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilimvuta kando.

"Shoga, Lesotho usiende."

"Nani kasema?"

"Mimi. Likikupata la kukupata, mamako nitamwambia nini?"

Akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Mamangu alinifungia ndani utoto wangu wote. Aliogopa vumbi, akaogopa mvua, akaogopa hata nisicheke sana. Sasa na wewe waanza? Wallahi sikukutuma uniogopee."

Njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Tulipofika Likoni, aliwaaga wenzetu wote, mimi akanipita.

Wenzetu ndio waliotupatanisha, kwa kuamua kwamba kundi zima lipimwe na daktari, naye ndiye aseme nani aende. Nilikubali upesi. Moyoni nilitumaini daktari atamkataza jirani yangu, lawama iwe yake.

Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akampa maagizo ya dawa, akamwambia aende, ila apande polepole na asione haya kupumzika. Kisha ikawa zamu yangu. Akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapima. Akaniambia nikae nitulie, akapima tena.

"Mama, kichwa hukuuma?"

"Huniuma kidogo."

"Tangu lini?"

Nilitaka kusema sijui. "Tangu nianze kupanga safari."

Hakucheka. Alisema presha yangu iko juu mno, nianze dawa leo, na mlima nisiuwaze mpaka aridhike.

Jirani yangu alikuwa ananingoja nje kwenye benchi. Nilidhani atanisuta, na haki angekuwa nayo. Alipoona uso wangu akasogea, akanipisha niketi.

"Nipe nambari ya yule mama wa Lesotho," alisema. "Kuanzia leo napanga mimi. Wewe meza dawa."

Safari ikaahirishwa hadi daktari aliponiruhusu, kwa sharti kwamba nisipande na wenzangu kileleni. Kwa hiyo asubuhi waliyoondoka na farasi, mimi nilibaki nyumbani kwa mwenyeji wetu, nimejifunga blanketi lake. Haukupita muda ukungu ukashuka, ukaumeza mlima wote. Mwenyeji alinipikia uji, akanihakikishia kwamba kiongozi wao anaijua njia. Nilimshukuru, nikashika bakuli, sikunywa. Nilisimama mlangoni, nikarudi ndani, nikasimama tena. Adhuhuri ikapita nimesali huku sikio langu liko nje.

Walitokea alasiri, wameloa chapachapa. Jirani yangu alikuwa mbele, kwa miguu, anamvuta farasi wake kwa kamba, pumzi nzito lakini sawa. Badala ya kumshukuru Mungu, nilijikuta nagomba.

"Mmekawia wapi? Hamjui kuna mtu huku?"

"Tulipumzika," alisema. "Tuliambiwa tupumzike." Akachungulia bakuli langu. "Na wewe mbona hujala? Dawa umemeza na nini?"

Sikuwa nimeimeza. Akafunga farasi uani, akaingia ndani na raba zake zilizojaa matope, akaenda kunitafutia maji.